Bati, Risasi na Kiberiti: Majina ya Elementi katika Masomo ya Watoto

Neno moja la Kiswahili lamkuta mtoto wa Kaisho kila siku kwa maana mbili zisizopatana. Asubuhi huingia darasani chini ya paa la bati. Na katika vilima vya wilaya yake watu wazima huchimba bati. Kaisho imo kaskazini-magharibi ya Tanzania, upande wa mto Kagera, katika nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012 ilipoundwa wilaya ya Kyerwa. Na nchi hiyo imejulikana kwa machimbo ya bati tangu wakati wa utawala wa Waingereza. Mtoto huyo akiambiwa ya kuwa bati ni elementi, yaani kitu kisichoweza kugawanywa kwa njia ya kemia kikatoa vitu vilivyo sahili zaidi, atainua macho alitazame paa. Wala hana kosa. Paa lile ndilo bati alilolijua kabla ya kujua kusoma. Lakini katika paa lile hamna bati hata chembe. Mna chuma kilichopakwa zinki, au siku hizi zinki pamoja na alumini.

Kosa hili laonekana dogo, na yamkini mwalimu hodari atalisahihisha kwa sentensi mbili. Walakini lafunua udhaifu katika kazi nzima ya istilahi za kemia kwa shule za msingi, na udhaifu huo haupo pale ambapo wahakiki wengi wameutafuta.

Kazi yenyewe si changa. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na miongoni mwa shughuli zake ilikuwa kusimamia lugha ya vitabu vya shule. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo katika shule za msingi za Tanzania, na mwaka huo huo likaanzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa; tangu hapo haja ya maneno ya sayansi haikuwa tena jambo la kuzungumzwa mikutanoni tu, bali ilikuwa ya kila asubuhi darasani. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Haya si mafanikio haba. Lakini mabishano yaliyoizunguka kazi hii yameelekea sana upande mmoja: je, yafaa lugha ichukue maneno ya kigeni kama oksijeni na hidrojeni na kuyavika irabu mwishoni, au yafaa iunde maneno yake kutokana na mashina ya Kibantu? Kila upande umetetewa kwa ufasaha. Swali la pili, ambalo kwa mtoto ni kubwa kuliko la kwanza, halikupewa nafasi inayolistahili: yafanywe nini majina ambayo Kiswahili kilikuwa nayo tangu kale?

Majina ya kigeni, kwa kweli, hayamdhuru mwanafunzi. Elementi zijulikanazo leo ni 118, na nyingi mno hazikuwa na jina katika Kiswahili kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amezishika mkononi akijua amezishika. Mtoto asikiapo neno naitrojeni kwa mara ya kwanza halimkumbushi kitu chochote. Hujifunza jina na kitu kwa pamoja, na maana ya neno huwa ile aliyopewa na mwalimu, haipungui wala haizidi. Neno la namna hii ni kama chungu kipya ambacho hakijapikiwa kitu. Halina harufu ya mchuzi wa jana.

Tena kuna faida iliyojificha katika kuchukua sauti bila kuchukua maana. Wanakemia wa Kifaransa, Lavoisier na wenzake Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, walipotoa utaratibu wao mpya wa majina mwaka 1787, waliiita gesi moja kwa jina la Kiyunani lenye maana ya kizazi cha ukali, kwa kuwa Lavoisier aliamini ya kuwa hakuna asidi isiyo na gesi hiyo. Baadaye ikadhihirika kwamba alikosea: asidi ya tumboni mwa binadamu ni ya hidrojeni na klorini, wala haina oksijeni. Wajerumani walikuwa wamekwisha kulitafsiri jina lile kwa maneno ya lugha yao wenyewe, na hata leo mtoto wa Kijerumani hutamka kosa la mwaka 1787 kila aitajapo hewa aivutayo. Kiswahili kilichukua sauti tu, kosa likabaki Paris. Wale waliosikitika kwamba neno oksijeni halina mzizi katika lugha wangefaa wafikiri ni mzizi gani ambao lingekuwa nao.

Taabu imo katika maneno yanayofahamika. Chuma, shaba, dhahabu, fedha, bati, risasi, zebaki, kiberiti: haya yaliishi katika bandari, katika karakana za wahunzi na katika maduka karne nyingi kabla ya kemia kuwa somo. Yalikuwa majina ya bidhaa na ya vyombo, wala hayakuwa majina ya elementi, kwa kuwa dhana ya elementi kama ijulikanavyo sasa haikuwapo popote duniani. Waandishi wa vitabu vya shule waliyachukua yalivyo, wakayaweka katika orodha pamoja na oksijeni na klorini, kana kwamba yamekuwa ya aina moja kwa kuandikwa katika safu moja.

Neno fedha lataabisha kidogo tu, maana kila mtoto atambua ya kuwa noti ya karatasi haikuchimbwa ardhini. Zebaki haina shida yoyote. Lakini neno risasi lastahili kutazamwa kwa makini. Asili yake ni Kiarabu, na huko ni jina la metali ile nzito, laini, yenye sumu. Katika Kiswahili cha kila siku risasi ni kile kitokacho katika bunduki. Juu ya hayo, wazee wengi waliita penseli kalamu ya risasi, kama Waarabu waitavyo, na Kiingereza nacho kina desturi hiyo hiyo. Ndani ya penseli hamna risasi. Mna grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti ni kaboni tupu. Basi mtoto aandikaye katika daftari lake kwamba risasi ni metali yenye sumu, aweza kuwa anaandika kwa kaboni aliyofundishwa nyumbani kuiita risasi, na huenda ncha yake ameitia kinywani. Somo zuri la kemia lingeweza kuanzia hapo hapo, kwa penseli, kwa makaa ya jikoni na kwa masizi ya chini ya sufuria, vitu vitatu ambavyo kaboni ndiyo iliyo nyingi ndani yake na ambavyo jicho huona ni vitu mbalimbali. Kitabu kikitaja kaboni katika orodha tu, pamoja na alama yake, nafasi hiyo hupotea.

Kiberiti chatoa mfano wa kinyume, yaani wa lugha iliyojiponya yenyewe. Neno hili nalo lilitoka Uarabuni likiwa jina la elementi ya manjano iwakayo kwa harufu kali. Njiti za moto zilipofika, jina likahamia kwenye njiti, kisha kwenye kisanduku chake, na hatimaye hata kwenye chombo cha gesi cha mfukoni ambacho hakina elementi ile kabisa. Maana ya kwanza ikafifia kiasi kwamba shule zililazimika kuchukua neno salfa. Hakuna aliyelalamika. Watu waliachiwa kiberiti chao, na elementi ikapata jina ambalo halina deni kwa mtu.

Je, bati nalo lisifanyiwe vivyo hivyo? Alama yake katika kemia ni Sn, kutokana na Kilatini, na yawezekana kuunda neno la kufuata alama hiyo, mtoto akalifahamu bila kutazama paa. Hoja hii ina nguvu Dar es Salaam. Kaisho haina. Kiberiti kilikuwa kimekwisha kufa katika maana yake ya kwanza. Hapakuwa na mtu wa Afrika Mashariki aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuchimba kitu akakiita kiberiti. Bati halijafa. Katika wilaya ya Kyerwa wapo wachimbaji wadogo ambao hulichimba, hulisafisha kwa maji katika karai, hulipima na kuliuza kwa jina hilo. Kumfundisha mtoto wao ya kuwa kazi ya baba yake ina jina la Kilatini, na kwamba neno bati ni la fundi wa paa peke yake, ni kuliondoa somo katika nchi ambayo kwa bahati njema inalo. Ni shule chache duniani ambazo mwalimu aweza kuweka juu ya meza madini ya elementi namba 50 yaliyotoka katika vilima vionekanavyo dirishani.

Ufumbuzi basi si jina jipya, bali ni kuipasua ile maana mbili waziwazi, na mapema. Lugha yenyewe imekwisha kuanza. Msemaji wa kawaida hutaja mabati kwa wingi anenapo habari za kuezeka, kwa kuwa yahesabika moja moja. Naye mchimbaji hutaja bati kwa umoja, kama mtu atajavyo dhahabu au chumvi, kwa kuwa hupimwa wala halihesabiwi. Tofauti hii ya sarufi ndiyo tofauti ya kemia: upande mmoja kuna kitu chenye umbo, upande wa pili kuna maada yenyewe. Haikuwekwa na kamati. Lakini vitabu havikuitumia, na hata neno bati lilipopewa nafasi yake katika orodha ya metali, mara nyingi halikufuatwa na onyo lolote. Ni kweli ya kuwa fundi husema pia bati moja, na kwa hiyo mpaka huu wa umoja na wingi una mlango ulio wazi. Maneno bati la kuezekea yatosha kuufunga.

Zaidi ya sarufi kuna kutu. Paa likichakaa huonyesha madoa mekundu, na mtoto wa Kaisho huyaona kuliko ayaonavyo maneno ubaoni. Wekundu ule ni wa chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Bati, elementi yenyewe, haliwezi kutoa kutu nyekundu hata likikaa mvuani miaka mia. Zinki iliyopakwa juu ndiyo iliyokuwa ikiliwa kwanza badala ya chuma, na ilipokwisha, chuma kikafichuka. Hapo mna elementi tatu, muungano mmoja na sababu ya fundi kununua bamba la bei kubwa kuliko lingine, bila ya chombo chochote cha maabara. Akitaka ushahidi wa pili, mwalimu na achukue sumaku. Itanasa kipande cha bamba la paa. Bati tupu haitalinasa.

Kisha na ailete sumaku hiyo kwenye kopo la maziwa ya unga. Itanasa pia, maana makopo mengi ya namna hiyo ni ya chuma. Lakini chuma hicho kwa kawaida kimepakwa ngozi nyembamba ya bati halisi ili kisishike kutu. Hivyo kile kiitwacho bati hakina bati, na kile kiitwacho kopo kinalo. Jambo hili lazidi kuwa gumu mtoto afikapo sekondari, ambako masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha Afrika Mashariki huliita bamba la paa kwa jina la chuma, na huliita kopo kwa jina la bati, yaani kinyume kabisa cha Kiswahili. Mwanafunzi ambaye hakupata kuonyeshwa maada iliyo nyuma ya majina atavuka kutoka lugha moja hata nyingine kwa kutafsiri neno kwa neno, na neno kwa neno litamfikisha mahali pasipo. Ubishi wa miaka mingi juu ya lugha ya kufundishia ungekuwa na manufaa zaidi kama ungeshuka mara kwa mara mpaka kwenye kopo na paa.

Neno hewa lina ugonjwa wa kinyume. Si jina moja la vitu viwili, bali ni jina lililobandikwa juu ya majina mengine. Vitabu husema hewa ya oksijeni, na kaboni dioksaidi huandikwa hivyo, au kwa kuunganishwa neno moja, au ikaitwa hewa ukaa. Hewa ni mchanganyiko: sehemu 78 hivi katika mia ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na iliyobaki ni agoni na gesi nyingine kidogo. Ukiiita kila gesi hewa, mtoto hawezi kuelewa imekuwaje hewa ikawa na hewa ndani yake. Hewa ukaa ni neno zuri kwa masikio, nalo limeenea katika mazungumzo ya tabia ya nchi na ya misitu. Hapo na liachwe. Darasani laficha yale ambayo jina refu lasema wazi, kwamba mna kaboni moja na oksijeni mbili. Neno gesi lingeondoa shida, ijapokuwa nalo sasa limeanza kuwa jina la mtungi wa kupikia.

Yaliyosemwa juu ya majina yahusu vitenzi pia, na hapa uhakiki umekuwa kimya zaidi. Kitenzi yeyusha hubeba mizigo mitatu. Barafu huyeyuka ikawa maji. Sukari nayo, kwa watu wengi, huyeyuka katika chai. Na mawe yenye chuma husemwa huyeyushwa yakatoa chuma. La kwanza ni badiliko la hali tu. La pili limepatiwa neno lake na wataalamu, mumunyika, na yafaa kulisifu, maana limetoka katika kinywa cha mtoto amumunyaye peremende: ni istilahi inayojieleza, na tena haiwezi kuchanganywa na nyingine. La tatu halikupata bahati hiyo, nalo ndilo lililo kemia kamili.

Mkoa wa Kagera una haki ya kudai neno hilo. Karagwe, ambako Speke alimkuta mfalme Rumanyika mwaka 1861, yajulikana kwa vyombo vya kifalme vya chuma, miongoni mwavyo sanamu za ng'ombe. Na katika nchi ya Wahaya, kando ya Ziwa Viktoria, utengenezaji wa chuma una umri wa miaka elfu mbili hivi. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake mwaka 1978 katika jarida la Science, baada ya wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo kujenga tena tanuri na kuliwasha. Rai yao juu ya hewa iliyopashwa moto ndani ya mifereji ya udongo ilibishaniwa baadaye, lakini yaliyotendeka mbele yao ni wazi: shimo lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa kaa, juu yake makaa na mawe, na mivuo ikavuviwa saa nyingi. Kaboni ya makaa na ya nyasi ndiyo iliyoondoa oksijeni katika mawe. Chuma chenyewe, kihitajicho nyuzi 1538 za Selsiasi ili kiyeyuke, hakikugeuka maji. Kilitoka kikiwa bonge lenye matundu, likapelekwa kwa wahunzi kufuliwa. Wazee wale hawakuyeyusha chuma. Walikinyang'anya oksijeni. Kiswahili kina kufua kwa kazi ya nyundo, lakini kwa kazi ya tanuri mwalimu hubaki na yeyusha, neno linalosema jambo ambalo halikutokea.

Ingefaa watunga istilahi waulize kwanza katika lugha za wahunzi hao, Kihaya na Kinyambo, kabla ya kufungua kamusi za Ulaya. Watoto wengi wa Kaisho husema Kinyambo nyumbani, na neno litakalotoka huko halitakuwa geni kwao. Wala si ajabu kuvuka mpaka wa kabila kwa ajili ya chuma. Jina la chuma lenyewe ni la Kibantu, na Waganda waliiita metali hiyo ekyuma bila ya kuazima kwa mtu. Katika ukoo wote wa majina ya kale yaliyotajwa juu, hili ndilo ambalo halikuja kwa jahazi. Lakini nalo lina kasoro ya wenyeji: katika kauli ya kawaida kila metali ngumu ni chuma, na neno metali, ambalo vitabu hulitumia kama jina la jamii, mtoto hulisikia shuleni tu.

Wapo wasemao ya kuwa haya yote ni mapema mno kwa darasa la tatu au la nne, na kwamba elementi zingengoja. Rai hiyo ingefaa kama majina nayo yangengoja. Magadi yamo katika sufuria ya maharage, na sodiamu imo ndani ya magadi. Alama yake, Na, imetokana na neno ambalo Watanzania wanalo katika ramani yao, Ziwa Natron. Majivu ya migomba yana potasiamu kwa wingi, na jina la potasiamu lilizaliwa Ulaya kutokana na majivu yaliyochemshwa chunguni. Kemia imekwisha kumfikia mtoto wa Kaisho nyumbani kwao, ila imemfikia kwa majina yaliyovurugika, na kila mwaka wa kungoja huyakaza zaidi.

Labaki jiwe la mchimbaji. Ni jeusi au la kahawia, nalo ni zito kiasi cha mara saba ya maji, hata mtoto alishikapo mkono humshuka kwa mshangao. Hilo nalo huitwa bati machimboni, ijapokuwa ndani yake kila chembe ya bati imeshikwa na mbili za oksijeni, na halitang'aa mpaka kaboni izichukue. Hivyo hata pale Kaisho ambapo neno lina haki zaidi ya kutumika, lataja vitu viwili: jiwe litokalo shimoni na metali itokayo tanurini. Mchimbaji hana haja ya kuvitofautisha, kwa kuwa hulipwa kwa uzito wa kile alichonacho karaini. Mtunga kitabu cha shule anayo.